Kunguru Wawili: Yupi Wetu, Yupi Mgeni, na Afya Yetu Inahusikaje?

Leo katika safu yetu ya afya tutazungumza juu ya kunguru. Huenda utashangaa. Utauliza, kunguru na afya wapi na wapi? Uhusiano upo. Kunguru hula takataka zetu. Huingia jikoni kwetu. Hunyakua vifaranga vyetu. Na mtu aliyenyakuliwa vifaranga akikasirika husema, "Ndege hawa wote ni wabaya. Tuwategee sumu wafe wote."

Neno hilo ni la hatari. Liko hatari kwa sababu tatu. Kwanza, kunguru wote si sawa. Pili, sumu haichagui. Tatu, kitu kinachomleta kunguru nyumbani kwako kimo mikononi mwako mwenyewe.

Tusome polepole. Mkiwa katika kikundi, mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mwishoni mtakuta maswali ya kujadili.

UKOO WA KUNGURU

Kunguru ni ukoo mkubwa. Duniani kote kuna aina zaidi ya 40 za kunguru. Wote ni ndege wenye akili nyingi. Wanakumbuka mahali penye chakula. Wanamtambua mtu aliyewarushia jiwe. Wazee wetu walisema kunguru hafugiki, na walisema kweli. Lakini ingawa hafugiki, anaweza kuishi na watu bila kualikwa.

Katika Tanzania tuna kunguru wawili ambao watu wengi huwachanganya. Mmoja ni wa kwetu Afrika. Wa pili ni mgeni kutoka Asia. Ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini tabia zao ni mbali.

NAMNA YA KUWATAMBUA

Kunguru wa kwetu ni yule mwenye kifua cheupe. Wewe uliyeko Peramiho, Namtumbo, Mbinga au Songea mjini, bila shaka unamjua. Kichwa chake ni cheusi. Koo lake ni jeusi. Mabawa na mkia ni vyeusi. Lakini kifua chake ni cheupe pe. Weupe huo huzunguka hadi nyuma ya shingo. Ukimtazama utadhani ni mtu aliyevaa fulana nyeupe na juu yake koti jeusi. Urefu wake toka mdomo hadi mkia ni karibu nusu mita. Uzito wake ni kama nusu kilo.

Kunguru mgeni ni mdogo kuliko huyo. Urefu wake ni kama sentimita 40. Uzito wake ni gramu 300 hivi. Yeye hana weupe popote. Kisogo, shingo na kifua chake vina rangi ya majivu ya jikoni. Uso, koo, mabawa na mkia ni vyeusi na vinang'aa. Ndugu yeyote aliyekwenda Dar es Salaam amemwona. Huko amejaa sokoni, katika vituo vya mabasi na juu ya miti ya barabarani.

Kwa hiyo kumbuka hivi: cheupe kifuani ni wa kwetu. Majivu shingoni ni mgeni.

Yuko na wa tatu, msimchanganye. Katika nchi zetu za milima anaishi kunguru mkubwa mwenye mdomo mnene. Ncha ya mdomo wake ni nyeupe. Kifua chake ni cheusi. Ana baka jeupe nyuma ya shingo tu. Huyo hupenda majabali na hewa ya juu. Naye ni wa kwetu. Leo hatutamzungumza zaidi.

MAISHA YA KUNGURU WA KWETU

Kunguru wa kifua cheupe anaishi karibu nchi zote za Afrika zilizo kusini ya jangwa la Sahara. Anapatikana pia Madagaska na Komoro. Hakuletwa na mtu. Alikuwako kabla ya babu zetu.

Huyu huishi wawili wawili, dume na jike. Hujenga kiota juu ya mti mrefu uliosimama peke yake. Siku hizi hujenga hata juu ya nguzo za umeme. Jike hutaga mayai manne au matano, na huyaatamia kwa siku 18 au 19. Jozi moja hupenda kuwa na eneo lake. Jozi nyingine ikija karibu hufukuzwa. Kwa hiyo hata wakiwa wengi, hawasongamani katika mti mmoja wakati wa kutaga.

Anakula nini? Anakula karibu kila kitu. Hula panzi, kumbikumbi na wadudu wengine wa mashambani. Hula panya wadogo na mijusi. Hula mizoga iliyokufa njiani, na hapo anatusaidia kusafisha. Lakini tuseme ukweli wote. Hufukua pia mbegu za mahindi zilizopandwa. Hula karanga. Akipata yai la kuku au kifaranga kisicho na ulinzi, hachelewi.

Wazee wetu, ninyi mmemtazama ndege huyu miaka mingi kuliko mimi. Mnajua kuwa ana faida na ana hasara. Ndivyo walivyo viumbe wengi tunaoishi nao.

MGENI ALIFIKAJE?

Kwao kunguru wa shingo ya majivu ni India, Pakistani, Bangladeshi, Nepali, Sri Lanka na nchi jirani. Huko ameishi pamoja na watu tangu zamani sana. Jambo la ajabu ni kuwa ndege huyu haishi porini peke yake. Mahali pasipo na watu humkuti. Anaishi kwa mabaki yetu. Tukila, anakula. Tukitupa, anashiba.

Katika miaka ya 1890 aliletwa Unguja. Sababu ilikuwa takataka. Mji ulikuwa mchafu, na watawala wa wakati ule waliona kuwa ndege mla taka atausafisha. Kazi ya kuzoa taka ikaachiwa ndege.

Je, mji ulisafika? Haukusafika. Ndege alikula taka, akazaa. Taka ziliendelea kutupwa, naye akaendelea kuzaa. Akaanza kula mayai na makinda ya ndege wengine. Akaanza kuiba vifaranga na vyakula. Mtu aliyeletwa kuwa mtumishi akawa mwenye nyumba.

Bandari nazo zilimsaidia. Kunguru huyu hupanda meli, akashuka meli inapotia nanga. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Leo yuko katika bandari nyingi, kutoka Sudani mpaka Durban huko Afrika Kusini. Kutoka pwani anaingia bara kwa kufuata watu. Anafuata reli, barabara na miji. Huko Kenya alipanda kutoka Mombasa hadi Voi. Kwetu amefika Morogoro.

Sasa tazama ramani. Kutoka Morogoro barabara huja Iringa, Makambako, Njombe, kisha Songea. Upande wa pili, kutoka Mtwara barabara huja Masasi, Tunduru, Namtumbo, kisha Songea. Katika kila mji wa njiani kuna soko, kuna kituo cha mabasi, na kuna jalala. Kwa mtu hiyo ni njia ya biashara. Kwa kunguru wa majivu hiyo ni ngazi, na kila jalala ni kipago.

KWA NINI MGENI HUMSHINDA MWENYEJI?

Mtu anaweza kuuliza: Kunguru wa kwetu ni mkubwa. Mgeni ni mdogo. Mbona mdogo humshinda mkubwa?

Jibu ni umoja wao na wingi wao. Kunguru wa majivu hulala pamoja kwa mamia, hata kwa maelfu, katika miti michache. Hujenga viota vingi karibu karibu. Kunguru wa kifua cheupe akipita, humfukuza kwa kundi. Hula mayai yake na makinda yake. Mkubwa mmoja hawezi kupigana na wadogo kumi.

Iko sababu nyingine. Huko kwao Asia yuko ndege mmoja mwerevu ambaye hajengi kiota. Jike wake huvizia kiota cha kunguru wa majivu na kutaga yai lake humo. Kunguru hulea kinda la mwingine akidhani ni lake. Kwa njia hiyo makinda ya kunguru hupungua. Ndege huyo hakuletwa huku. Mgeni alikuja bila ya adui wake.

Matokeo yake tumeyaona. Katika miji ya pwani kama Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, kunguru wa kifua cheupe amekuwa adimu mahali ambapo zamani alikuwa wa kawaida. Na ndege wadogo wa bustanini nao wamepungua, kwa sababu makinda yao huliwa.

HALI YAO DUNIANI

Liko shirika la kimataifa linaloshughulika na uhifadhi wa maumbile. Linaitwa IUCN. Liliundwa mwaka 1948. Shirika hili huweka orodha ya wanyama, ndege na mimea ya dunia. Katika orodha hiyo kila kiumbe huwekwa katika kundi lake kwa kadiri ya hatari aliyo nayo.

Fikiri juu ya zahanati. Wagonjwa wakifika, huwa hatuwatibu kwa kufuata foleni peke yake. Tunatazama nani yu mahututi, nani anaumwa kiasi, na nani ana afya njema. Orodha ya IUCN hufanya vivyo hivyo. Wako waliokwisha kutoweka kabisa. Wako waliotoweka porini, wamebaki wale tu wanaofugwa na wataalamu. Wako walio mahututi. Wako walio katika hatari. Na wako ambao hali yao haitii wasiwasi.

Je, kunguru wetu wawili wako wapi? Wote wawili wamo katika kundi la wale wasiotia wasiwasi. Duniani kote bado ni wengi.

Usidhani kila kunguru yuko salama hivyo. Katika visiwa vya Hawaii, nchini Marekani, kulikuwa na kunguru asiyepatikana mahali pengine popote. Wawili wa mwisho walionekana porini mwaka 2002. Baada ya hapo wakabaki wale tu waliokuwa wakilelewa na watu. Ukoo ni mmoja, lakini bahati si moja.

Hapa pana jambo la kufahamu vizuri. Orodha hiyo huhesabu dunia nzima. Haihesabu kijiji chako. Kunguru wa kifua cheupe anaweza kuwa wengi Afrika, na hapo hapo akatoweka katika mji mmoja. Ni kama mavuno. Mkoa wa Ruvuma unaweza kuvuna mahindi mengi, lakini nyumba moja ikalala njaa. Hesabu ya mkoa haishibishi nyumba hiyo. Kwa hiyo kazi ya kumtazama ndege wa kijijini ni ya wanakijiji.

Tena, hawa wawili wako kundi moja kwenye orodha, lakini kwetu hawastahili kutendewa sawa. Mmoja ni sehemu ya nchi yetu. Mwingine analetwa na taka zetu, na akizidi anaharibu.

KUNGURU NA UGONJWA

Sasa tufike kwenye afya.

Kunguru hatengenezi ugonjwa. Anaubeba. Asubuhi anatua jalalani au machinjioni. Mchana anatua mahali palipo na kinyesi cha mtu au cha mnyama. Jioni anatua kwenye sahani zako, kwenye mdomo wa mtungi, au kwenye makopa ya mihogo uliyoanika. Miguu ni ile ile. Mdomo ni ule ule. Na kinyesi chake hudondoka popote.

Wataalamu wamepima kunguru wa majivu na kukuta vijidudu vya magonjwa ya tumbo, kama vile salmonela. Vijidudu hivi ni vidogo mno, huwezi kuviona kwa macho. Vikiingia tumboni huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo. Mtu mzima huweza kuvumilia. Mtoto mchanga hupoteza maji mwilini upesi, na hapo ndipo maisha yake huwa hatarini.

Kunguru pia anaweza kueneza kideri, ugonjwa ambao wengine huuita mdondo. Huu huua kuku wengi kwa siku chache. Kuku wakifa, mayai yamekwisha, kitoweo kimekwisha, na fedha ya daftari la mtoto imekwisha. Umaskini nao ni mlango wa ugonjwa.

Lakini angalia tena. Inzi hufanya kazi hiyo hiyo ya kubeba uchafu. Panya naye hufanya. Ukiua kunguru wote na kuacha jalala, inzi na panya watabaki wakifanya kazi. Ukiondoa jalala, wote watatu watakosa riziki. Ndiyo maana dawa ya kunguru huanzia kwenye jembe na ufagio.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Wazee wengi wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walisikiliza redio katika vikundi, wakajadili, kisha wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Mafunzo yale hayajazeeka. Tufanye haya:

1. Chimba shimo la taka. Kila unapotupa mabaki ya chakula, matumbo ya samaki au manyoya ya kuku, funika kwa udongo kidogo. Kunguru hali asichokiona. Taka zinazooza zitakuwa mbolea ya bustani yako.

2. Tumia choo, na kifunike. Kinyesi cha mtoto mdogo nacho kitupwe chooni. Watu wengine hudhani kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kina madhara sawa na cha mtu mzima. Choo kiwe mbali na kisima, angalau mita 30.

3. Anika vyombo juu ya kichanja, na uvifunike kwa kitambaa safi. Kabla ya kupakua chakula, suuza vyombo kwa maji safi.

4. Funika mtungi wa maji. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, yapozwe, yawekwe katika chombo chenye kifuniko.

5. Funika unga, makopa na dagaa unavyoanika. Chandarua kilichochakaa ambacho hakikutiwa dawa kinafaa kwa kazi hii, lakini kifuliwe kwanza. Chandarua kizima kibaki kitandani kwa kujikinga na mbu.

6. Weka vifaranga chini ya tenga kwa wiki za kwanza. Wape chakula na maji humo humo. Wakikua wakajua kukimbia, waache watoke na mama yao.

7. Chanja kuku dhidi ya kideri. Chanjo ni ya tone moja katika jicho. Hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku akiugua tayari, chanjo haimponyi. Kwa hiyo chanja wakiwa wazima. Mwulize bwana mifugo, na mchanje kijiji kizima siku moja.

8. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, kabla ya kupika, kabla ya kula, na baada ya kushika kuku au ndege aliyekufa.

Mambo ya soko na machinjio hayawezi kufanywa na nyumba moja. Hayo ni ya kijiji. Yapelekwe kwenye mkutano wa kijiji. Damu na matumbo visiachwe nje. Jalala la soko lizungushiwe uzio, na taka ziondolewe kila siku. Mahali hapo ndipo kunguru wengi hushiba.

MTOTO AKIHARA

Usingoje. Anza kumpa maji mara moja. Paketi za ORS zinapatikana zahanati na katika maduka ya dawa. Koroga paketi kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake. Mpe mtoto kidogo kidogo, mara kwa mara. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki. Amalize siku zote alizoandikiwa, hata kama kuhara kumekoma.

Ukiwa mbali na huna paketi, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visijae kichuguu. Chumvi ikizidi ni hatari. Onja kwanza: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe huku mnasafiri kwenda zahanati.

Mpeleke upesi sana ukiona macho yameingia ndani, mtoto analegea, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, au anahara damu.

USITEGE SUMU

Sasa turudi kwa yule anayesema, "Tuwategee sumu."

Ndugu yangu, fikiri hatua kwa hatua. Unachukua dawa ya shamba. Unaipaka kwenye nyama. Unaiweka uani. Nani atakula? Huenda kunguru. Huenda mbwa wako. Huenda kuku wako, na mtoto akamwokota kuku huyo na kumpeleka jikoni. Mkono uliopaka sumu ndio utakaosonga ugali. Mvua ikinyesha, mabaki yatateremka mtoni. Wako watu waliougua na kufa kwa sababu ya sumu iliyokusudiwa wanyama.

Tena yuko tumbusi. Yeye hula mizoga tu. Mzoga mmoja wenye sumu unaweza kuua kundi zima la tumbusi. Mwaka 2015 IUCN iliweka aina kadhaa za tumbusi wa Afrika katika kundi la walio mahututi, na sumu ni sababu kubwa mojawapo. Tumbusi wakiisha, mizoga itaozea porini na mbwa wataongezeka. Mtu akitega sumu kwa ajili ya kunguru ambaye ni mzima duniani, anaweza kumuua tumbusi ambaye yu mahututi. Huko ni kumpiga mzima na kumwangukia mgonjwa.

Ni kweli kwamba serikali zimepigana na kunguru wa majivu. Zanzibar na Dar es Salaam zimefanya kampeni za mitego na sumu maalumu. Mwezi Juni mwaka 2024, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja kabla ya mwaka huo kwisha. Lakini kazi hizo hufanywa na wataalamu. Sumu wanayotumia ni ya aina yake, na huwekwa kwa mpango. Haifanani na dawa ya pamba au ya tumbaku iliyoko stoo kwako.

Na hata wao wamejifunza jambo moja. Kampeni ikilegea na taka zikibaki, kunguru hurudi. Huko Zanzibar walipunguzwa sana katika miaka ya 1990, kisha wakaongezeka tena.

UKIMWONA MGENI KIJIJINI KWAKO

Kunguru wa majivu huondoka kwa urahisi akiwa bado mchache. Katika bandari ya Hoek van Holland, nchini Uholanzi, walifika kwa meli mwaka 1994. Waliondolewa wakiwa bado makumi tu. Mombasa na Dar es Salaam walishakuwa wengi mno kabla ya kazi kuanza.

Kwa hiyo, ukimwona kunguru mwenye shingo ya majivu, fanya hivi. Mtazame vizuri. Je, kifua ni cheupe au majivu? Angalia ni wangapi, na wanalala mti gani. Andika tarehe na mahali. Sasa unajua kuandika, na hapa ndipo kalamu yako inapokuwa silaha. Peleka habari kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa ofisi ya maliasili ya wilaya. Wao wataita wataalamu.

Ukimwona kunguru wa kifua cheupe, mwache aende zake. Linda vifaranga na mbegu zako, naye atafuata panzi shambani. Watoto wafundishwe tofauti hii kabla hawajashika manati.

Ndugu msomaji, Unguja walimwachia ndege kazi ya usafi, na mpaka leo wanalipa. Sisi huku Songea bado tuna nafasi. Jioni ya leo, kabla ya giza kuingia, zunguka nyumba yako. Tazama jalala, tazama choo, tazama kichanja cha vyombo. Hesabu vitu ambavyo kunguru angevipenda. Kesho asubuhi anza na kimoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Utamtambuaje kunguru wa kwetu na kunguru mgeni?
2. Kwa nini kunguru wa majivu aliletwa Unguja? Je, kazi aliyoletewa ilifanyika?
3. Kunguru wote wawili si wa kutia wasiwasi duniani. Kwa nini basi kunguru wa kwetu anaweza kutoweka katika mji mmoja?
4. Taja njia tatu ambazo uchafu hutoka jalalani na kufika kwenye sahani ya mtoto.
5. Katika kijiji chetu, ni mahali gani kunguru hukusanyika zaidi? Tunaweza kufanya nini hapo kabla ya mwezi huu kwisha, na nani atasimamia?